Wagonjwa Wetu wa Kwanza Walikuwa Wafalme

Mwisho wa mwaka 2019 nilivua sare ya unesi kwa mara ya mwisho, nikaifua, nikampa mwenzangu wa wodi ya watoto kwa sababu ilimtosha kuliko ilivyonitosha mimi. Sherehe ya kuniaga ilikuwa na keki nzuri na hotuba ndefu kuliko keki. Baada ya hotuba, nyinyi wauguzi vijana wa kliniki yetu mkaniomba niwaandikie yale niliyoyaona. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za damu na za wafalme wa Ulaya, kwa maana katika kliniki yetu mambo hayo mawili hayakuwahi kutengana.

Kwa asiyenijua, mimi ni Peninah Mutheu, Mkamba wa Kitui. Nilikuja Johannesburg nikimfuata mume wangu aliyepata kazi ya kufundisha chuoni, tukapanga Randburg, na hapo ndipo tulipo mpaka leo. Watoto wetu wanaelewa Kiswahili chote ninachokisema nikiwagombeza, kisha wananijibu kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi nilifanya kazi wodi ya upasuaji. Mwaka 2015 nikahamishiwa kliniki ya hemofilia, ule ugonjwa ambao damu haigandi inavyotakiwa.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa na kiburi cha mtu wa upasuaji. Nilidhani damu naijua. Aliyenipokea alikuwa Sista Dikeledi, Mtswana mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekunywa chai yenye maziwa ya kopo mazito mpaka kijiko kilikuwa karibu kusimama chenyewe. Alinionyesha friji ya dawa, sindano nyembamba zenye mabawa kama kipepeo, mpira wa kufungia mkono na sanduku la barafu. Kisha macho yangu yakaenda ukutani. Palikuwa na karatasi kubwa, ndefu kama kitenge kilichotandikwa, imebandikwa picha za wazungu wenye mataji, ndevu na medali, na kati ya picha hizo umepitishwa uzi mwekundu wa sufu.

"Sista," nilimwambia, "hii ni hospitali ya umma, Johannesburg. Hawa wanafanya nini hapa?"

"Hao ndio wagonjwa wetu wa kwanza," alisema. "Wasalimie."

Mama yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa familia ya Waingereza, na kila Krismasi walimpa kalenda yenye picha za jamaa ya kifalme, mahali ambapo mtu mwingine angetoa kuku. Dikeledi alikua amezungukwa na nyuso hizo. Alipoanza kazi kliniki na kusikia habari za ugonjwa huu, akachukua mkasi, akakata kalenda zote za mama yake, na nyingine akaziokota kwenye maduka ya vitabu vikuukuu.

Alinifundisha akitumia sindano ya kufumia kama fimbo ya mwalimu. Juu kabisa alikaa malkia wa Uingereza, yule bibi mnene wa nguo nyeusi. Yeye mwenyewe hakuumwa, lakini kasoro ya damu ilianzia kwake, au karibu naye. Mwanawe wa kiume wa mwisho alikuwa na hemofilia, akafa angali kijana baada ya kuanguka. Binti zake wawili hawakuumwa, lakini waliibeba. Mmoja aliolewa Ujerumani, na binti wa binti huyo akaolewa na tsari wa Urusi, mfalme wa kule. Wa pili, binti yake akaolewa na mfalme wa Uhispania. Uzi mwekundu ukafuata maharusi hao mpaka kwenye vitanda vya watoto.

"Kwa nini hawakuoa nje?" niliuliza.

"Waoe nani? Mfalme hawezi kuleta binti wa fundi viatu. Lazima binti wa mfalme, na wafalme si wengi. Wakazungukana. Vita kuu ilipoanza, wa Uingereza, wa Ujerumani na mke wa wa Urusi walikuwa wajukuu wa bibi mmoja. Fikiria Krismasi zao."

Hapa nisikilizeni vizuri, maana hata madaktari wanafunzi hukosea. Hemofilia haikuletwa na ndugu kuoana. Mama anayebeba huweza kumrithisha mwanawe hata kama ameolewa na mgeni kutoka upande wa pili wa dunia. Ndoa za majumba yale ziliusafirisha tu ugonjwa, kutoka ikulu hadi ikulu, pamoja na vyombo vya fedha. Na mtoto wa kiume aliyezaliwa salama hana cha kurithisha. Mwana mkubwa wa malkia alikuwa salama, na ndiyo maana uzao wake uliokalia kiti cha Uingereza haukuwa nao.

Kupata mshipa ndiko kulikonishinda. Kwenye upasuaji nilizoea watu wazima waliolala. Hapa nilikuwa na watoto wanaopiga mateke, wenye mishipa iliyochomwa mara nyingi mpaka imejificha. Siku moja Dikeledi alinishika bega, akaniambia, "Funga macho. Sasa nionyeshe mshipa uko wapi." Nilidhani ananidhihaki. Nikafunga macho, nikapapasa kwa ncha ya kidole, na pale nilipokuwa nimetazama bila kuona kitu, nikasikia kitu laini kinadunda kikirudi juu kama kamba ya gitaa. Tangu siku ile sikuhangaika tena na taa ya kumulikia mishipa.

Mwaka 2016 aliletwa mtoto aliyenifanya niipende kazi ile kuliko nilivyokuwa nimeipenda kazi yoyote. Mama yake alisimama mlangoni, mwembamba, kitenge cha njano, amembeba mgongoni mtoto wa miaka sita ambaye miguu yake ilikaribia kugusa chini. Aliposikia Kiswahili changu alitaka kulia.

"Mama, minatafuta muganga," alisema.

Nilikaza uso. Kwetu Kenya mganga ni wa hirizi na kuku mweusi. "Dada yangu, hapa ni hospitali," nilimjibu. "Waganga hatuna."

Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango wa mwisho. Mkongo mmoja aliyekuwa akisubiri benchi akacheka akasema, "Sista, muganga kwetu ni daktari." Nikamwomba radhi, nikampokea mtoto.

Mama huyo aliitwa Furaha, wa Bukavu, msusi katika saluni moja Rosettenville. Mtoto alikuwa Josué. Goti lake lilivimba kama embe bichi, likawaka moto. Tulimpima damu: hemofilia kali. Aina yake haikuwa ile ya malkia, lakini zote mbili hurithiwa kwa njia moja. Nilipomuuliza Furaha kama kwao kuna mtu aliyewahi kutokwa na damu bila kukoma, aliinamisha kichwa. Kaka zake wawili walikufa wadogo, mmoja baada ya kutahiriwa, mwingine baada ya kung'olewa jino.

"Batu ya kwa bwana yangu banasema kwetu tunakula batoto," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi nilishaanza kuamini, Sista. Sikumbuke kama nilikula mutu, lakini nilianza kuamini."

Nilimwongoza mpaka ukutani. Nikamweleza kwamba mama ana nyuzi mbili za kumrithisha mtoto, na yake moja ni nzima, moja ina kasoro. Ule uzi mzima unamlinda yeye. Mtoto wa kiume hupewa mmoja tu, na hakuna anayechagua upi, si mama, si baba, si jirani. Furaha alimtazama malkia kwa muda.

"Na huyu mama, balimufukuza?"

"Yeye ndiye aliyekuwa na nyumba," nilisema. "Nani angemfukuza?"

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nione meno yake.

Kwa miezi mingi waliifuata ratiba vizuri. Goti lilipona, Josué akaanza shule. Kisha, majira ya baridi ya 2017, wakapotea. Siku za kliniki zilipita, simu ikawa haipatikani. Ijumaa moja Furaha alinipigia kwa simu ya mteja wa saluni, akinong'ona. Mumewe, Dieudonné, mlinzi wa duka kubwa, alikuwa na kaka mkubwa aitwaye Élisée. Ndiye aliyewaleta wote Afrika Kusini, nao waliishi katika ua wake Turffontein, kwa hiyo neno lake lilikuwa sheria. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Aliamua kwamba dawa zinaficha laana badala ya kuiondoa. Akamchukua Josué mpaka kwenye kilima cha mawe katika mtaa wa Observatory, ambako watu huenda kuomba, wakashinda huko kwenye baridi, mtoto akiruka kwenye miamba pamoja na wenzake.

"Tangu arudi analala tu," Furaha alisema. "Na Jumatatu bananipandisha basi ya Lubumbashi, nirudi kwetu. Mutoto atabakia."

Nilikata simu, nikamweleza Dikeledi, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alipanda kwenye kiti, akabandua karatasi yake ya wafalme ukutani, pembe moja baada ya nyingine ikilalamika kwa gundi, akaikunja na kunipa.

"Nenda na ukoo wote," alisema. "Ukienda peke yako wewe ni mwanamke mmoja tu."

Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na mbio za farasi Turffontein, roboti, yaani taa za barabarani, zimezimika, na magari yamekwama kila njia panda. Niliegesha mbali nikatembea, bango begani, na kijana mmoja akaniuliza kama nauza mkeka.

Papa Élisée, kama wote walivyomwita kwa heshima, alikuwa mtu mkubwa, mwenye duka la matairi, sauti ya mimbarini na adabu isiyo na dosari. Alinikaribisha kiti kizuri, akaagiza soda. Dieudonné aliketi kwenye ukingo wa kochi na sare yake ya ulinzi, macho sakafuni. Furaha alisimama mlangoni pa jiko. Niliomba kumsalimia mtoto.

"Amelala," alisema Papa Élisée. "Sema tu, Mama. Tunakusikiliza."

Nikalitandika bango sakafuni. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa, tangu kwa malkia, binti zake, mpaka kwa wajukuu waliotawanyika Ulaya nzima kwa ndoa. Papa Élisée alisikiliza mikono kifuani.

"Hizo ni habari za bazungu," alisema. "Hapa kwetu tunajua kitu kinaitwa bulozi. Kwao na Furaha banakula batoto."

"Malkia huyu alimzika mwanawe," nilisema. "Binti yake huyu hapa alimzika mtoto mdogo aliyeanguka dirishani. Tsari huyu alikesha akimsikia mwanawe akilia kwa maumivu. Walikuwa na majeshi, madaktari na dhahabu. Nani aliwala watoto wao, Papa? Furaha?"

Papa Élisée aliliinamia bango. "Na habakuomba?"

"Waliomba sana. Kule Urusi walimleta mtu wa maombi akae karibu na kitanda cha mtoto. Mtoto akipata nafuu, walimshukuru. Ugonjwa ukabaki palepale. Mimi pia ni mtu wa kanisa, siwezi kumcheka anayeomba. Lakini tsari alibaki na maombi peke yake kwa sababu dawa ilikuwa haijapatikana duniani. Yako imepatikana. Iko kwenye friji, na funguo ninazo."

Hapo Dieudonné akainua uso kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kuulizwa badala ya kuuliza.

"Sista. Hao bafalme, balifanya nini na bibi zao?"

Sikutaka kumdanganya. "Wa Uhispania aliambiwa mapema, akaoa. Watoto walipougua, akamgeuka mkewe, wakaishi kama wapangaji wa nyumba moja. Wa Urusi hakumwacha wake. Walikuwa pamoja mpaka siku ya mwisho."

Dieudonné akaitikia kwa kichwa polepole. "Miye nitakuwa wa Urusi."

"Kwa hilo tu," nilisema haraka. "Kwa mengine usimwige. Watu wake walimpindua wakamuua yeye na nyumba yake yote."

Hata Papa Élisée alikohoa kuficha kicheko. Kicheko hicho kikakatwa na sauti kutoka chumba cha nyuma: "Mama!" Furaha alikimbia. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na sikungoja ruhusa tena. Josué alikuwa amelala ubavu, mguu wa kulia umekunjwa mpaka tumboni. Nilipojaribu kuunyoosha alipiga kelele. Mtoto akikunja mguu namna hiyo, jueni damu inavuja ndani ya msuli wa nyonga, mahali ambapo hakuna uvimbe wa kuonekana na nafasi ya kujaa damu ni kubwa. Msingoje kumwuliza kama ameanguka.

"Hospitali," nilisema. "Sasa hivi."

"Tumalize maombi kwanza," alisema Papa Élisée. "Batu ya kanisa biko njiani."

Dieudonné alisimama. Alikwenda kitandani, akamwinua mwanawe pamoja na blanketi, akamgeukia kaka yake. "Yaya," alisema, maana ndivyo kwao wanavyomwita kaka mkubwa, "wewe ulinileta hii inchi. Ulinipa nyumba. Sijakukatalia kitu hata siku moja. Leo nakukatalia. Ukinipa funguo ya bakkie tutaenda na bakkie. Ukininyima, nitatembea."

Papa Élisée alimtazama mdogo wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa funguo. Hakumpa. "Wewe hujue kuendesha," alisema. "Muingie."

Aliendesha bakkie, lile pikapu lake, kama gari la wagonjwa, honi mkono mmoja, akiwafokea wapenzi wa farasi waliokuwa barabarani. Furaha na Dieudonné walikaa nyuma na mtoto. Mimi mbele, nikipiga simu dawa itolewe.

Mshipa wa Josué ulikuwa umekimbia kwa baridi na maumivu. Nilifunga macho. Papa Élisée, aliyekuwa ameshika kichwa cha mtoto, alidhani naomba, akasema "Amina" kwa sauti. Nikaupata. Dawa ikaingia. Baada ya muda Josué akaacha kusaga meno, akauliza kama chakula kipo.

Alilazwa. Jioni Papa Élisée aliketi nami kwenye benchi la korido, kofia magotini, na nilidhani anatafuta namna ya kuomba msamaha. Sivyo.

"Mama, kuna mutu moja sikumuona kwenye karatasi yako," alisema. "Ule mufalme wa Ubelgiji. Ule alifanya Kongo shamba yake, akakata babu zetu mikono. Naye alikuwa wa ukoo hii?"

Kwa miaka miwili nililipita bango lile kila asubuhi na sikuwahi kujiuliza. "Sijui, Papa," nilisema. "Nitatafuta."

Jumatatu, ile siku ya basi, simu ilianza kulia kabla sijavua koti. "Mama, umepata jibu?" Nilikuwa nimelipata kwa Dikeledi: baba wa mfalme yule alikuwa mjomba wa malkia, kwa hiyo wale wawili walikuwa binamu kabisa, lakini ugonjwa haukupita tawi lile.

"Ulipita kwa batoto wadogo wote ya Ulaya," alisema Papa Élisée, "na ule ukamuruka? Ule njo ungemufaa!" Akacheka kicheko kikubwa, na mimi nikacheka mpaka wagonjwa wakageuka. Alipotulia akasema kwa sauti nyingine, "Basi iliondoka asubui. Furaha iko hapa. Anapika."

Hakuwahi kuomba msamaha kwa maneno. Lakini mguu wa Josué uliponyooka na akaruhusiwa kutoka, ni Papa Élisée aliyekuja kumchukua, na baada ya hapo hakukosa siku hata moja ya kliniki. Alikuwa akisimama mbele ya bango, lililorudi ukutani, na kuwaeleza Wakongo waliosubiri benchi. Tsari alimfanya mrefu zaidi ya alivyokuwa, na wa Uhispania alimpa maneno ambayo nina hakika hakuyasema. Sikumsahihisha, kwa sababu kuhusu mama na mtoto na nyuzi mbili hakukosea hata mara moja, na wanawake waliomsikiliza waliondoka wamenyoosha shingo. Dikeledi alistaafu akaenda kwao Rustenburg, na bango akaliacha.

Mwaka 2018 tulianza kuwafundisha wazazi kudunga dawa nyumbani. Dieudonné, mtu aliyewahi kupambana na majambazi kwenye lango la duka, aliona sindano ikiingia kwa mwanawe akaketi sakafuni bila kuambiwa. Furaha akamsogeza kwa mguu, akachukua nafasi yake. Nilianza kumweleza habari za kufunga macho, lakini kidole chake kilikuwa kimeshafika. Mtu anayegawa nywele mistari myembamba kutwa nzima, ncha za vidole vyake zinasikia kila kitu. Alipata mshipa mara ya kwanza. Mimi ilinichukua majuma. Niwaambie ukweli, nilifurahi mpaka nikaona wivu.

Josué akaanza kuogelea, mchezo unaoimarisha misuli bila kuigonganisha na kitu. Mwaka uliofuata alijua kujidunga mwenyewe, akihesabu kwa Kizulu, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha yake ya ujasiri.

Kisha Furaha akapata mimba. Alikuja kuniambia akiwa ameshika kiuno, kidevu juu. Tulijua uwezekano, yeye na mimi, na hatukupoteza muda kuulilia. Tulipanga uzazi pamoja na madaktari: mtoto asivutwe kwa mashine wala koleo, asidungwe sindano ya msuli kiholela, damu ya kitovu ichukuliwe ipimwe palepale. Nilimfanya arudie mpaka akaniambia nimchoshe mtu mwingine.

Uchungu ulimshika asubuhi moja ya kazi. Dieudonné alinipigia, nikapenya kwenye foleni ya magari nikiandaa hotuba yangu yote kwa ajili ya madaktari wa zamu. Nilifika wodi ya uzazi nikihema. Daktari kijana alitoka akinitabasamia.

"Wewe ndiye Sista Peninah? Ameshatueleza," alisema. "Kila kitu, hatua kwa hatua. Kisha akatueleza habari za malkia. Mkunga alikataa kutoka zamu mpaka asikie mwisho."

Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, mzima, bila alama hata moja kichwani. Hawakunihitaji kwa lolote. Wenzangu, nimefanya kazi ya unesi miaka mingi, na sijawahi kuwa na ushindi kama huo, wa kufika mbio na kukuta sihitajiki. Nilikwenda chooni, nikacheza peke yangu.

Majibu ya damu ya kitovu yalipotoka, niliyapeleka mwenyewe. Nyumba ya Turffontein ilijaa watu na harufu ya sombe, kisamvu cha Wakongo, na samaki. Furaha alinisoma usoni kabla sijaketi.

"Naye anayo," alisema.

"Naye anayo."

Dieudonné alimshika mkewe bega. Papa Élisée akavua kofia. Furaha alimtazama mtoto kifuani kwake, akapitisha kidole kwenye kiwiko chake kidogo, polepole, akitafuta. Nikaona kidole kikisimama.

"Uko hapa," alisema. "Muzuri kabisa. Mushipa ya huyu itakuwa rahisi kuliko ya kaka yake."

Josué akasogea, nywele zikiwa bado na maji ya bwawa la kuogelea. Alimwinamia mdogo wake kama daktari anayemtembelea mgonjwa, akamwambia kwa Kiswahili cha mama yake, kile ambacho siku zote hukataa kukisema mbele ya watu: "Usiogope. Inauma kidogo tu. Miye nitakuonyesha."